Santuri Yangu, Jina la Nani?

Nina santuri moja ndogo yenye wimbo uliokatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Niliinunua Oyugis siku ya soko, shilingi mia mbili, kwa mama aliyekuwa akiuza sufuria kuukuu na nguo za mitumba. Karatasi ya katikati imeliwa na mende. Jina la bendi halisomeki, na kwa miaka mitatu hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu.

Tuko wachache hapa Nairobi tunaosaka benga ya zamani. D.O. Misiani na Shirati Jazz kila mtu anawajua. Ukimtaja Misiani kwenye kikao chetu ni kama kutangaza umegundua ugali. Heshima iko kwa bendi iliyorekodi mara moja ikapotea, vijana waliopiga gita kwenye baa za Oyugis, Sondu au Rongo hadi njaa ikawatawanya. Mimi nilikuwa na moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wenzangu niliwaonjesha dakika moja kwenye simu, halafu nazima.

Nilikuwa na sababu, na si mbaya. Weka wimbo mtandaoni leo, kesho mtu ameupachika picha yake na jina lake. Tena si jambo geni. Benga ilipofika Zimbabwe iliitwa kanindo, kwa jina la Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara aliyetoa santuri. Muuzaji akabaki midomoni mwa watu. Wengi waliochuna nyuzi wakasahaulika. Kwa hiyo nikajiambia: mimi naulinda.

Lakini ni ulinzi gani huu ambao anayefaidi ni mlinzi peke yake? Kule Marekani, mwaka 1972, Lenny Kaye alikusanya nyimbo za bendi za gereji kwenye albamu iliyoitwa Nuggets, vijana wa miaka ya sitini ambao wengi wao walikuwa wameshaanza kusahaulika. Alizipenda, akazitoa nje. Mimi nilipenda nini? Nikiwa mkweli, wimbo ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kujua kwamba wewe huujui. Ungepigwa redioni kesho ningeumia, na mtu anayeumia rafiki yake akipata, unajua jina lake.

Halafu benga ina jambo lingine: mle ndani mna watu. Mwimbaji anamtaja fulani mwana wa fulani, wa kijiji fulani, shemeji ya mwalimu fulani. Mara ni urafiki, mara aliyetajwa ametoa kitu mfukoni. Kuimba kukinyamaza na gita likianza kupanda, majina bado yanamwagika. Mtu alilipia asikike. Santuri nimeinunua, sawa. Na jina lake je, nalo nimelinunua?

Swali hilo sikujiuliza mwenyewe. Desemba iliyopita nilikuwa steji ya Oyugis, ndani ya matatu ya Kisumu iliyokataa kujaa, nikisikiliza wimbo wangu kwenye simu. Makanga akaingiza kichwa dirishani.

"Omera, rudisha hapo nyuma kidogo."

Nikarudisha. Dholuo yangu ni ya kuombea maji, kwa hiyo kwangu majina yale yalikuwa sehemu ya mdundo tu. Yeye alikuwa ameacha kuita abiria.

"Huyo wametaja ni babu yangu."

Alikufa kabla huyu kijana hajazaliwa. Nyumbani, akasema, kuna picha moja tu, ya kipande. Tukapeana namba, nikamtumia pande zote mbili huku dereva akipiga honi. Miaka mitatu ya ulinzi iliisha kabla hatujafika Sondu.

Jioni akanipigia. Alikuwa amempelekea nyanya yake simu jikoni. Mama mzee alisikiliza bila kusema neno, jina likapita, akacheka, akanyamaza tena. Kisha akasema: "Kumbe hiyo ndiyo pesa ya karo aliyoniambia iliibiwa kwenye basi."

Nikashikwa na baridi. Nimefichua siri ya marehemu, na sijui hata jina la bendi. Nikauliza kama amekasirika.

"Amesema urudie tena," kijana akajibu. "Na anauliza huyo mpiga gita kama bado yuko hai. Kuna deni anataka kumdai."