Sala Isiyogharimu

Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi kule Rasi, Afrika Kusini, iliulizwa kama waumini wa rangi zote washiriki Meza ya Bwana pamoja. Ikajibu: pamoja, bila kubagua. Mwaka 1857 swali likarudi. Sinodi ikakiri kwamba Maandiko yanataka waabudu pamoja, ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, waongofu wasio weupe wangeweza kutengewa jengo lao. Kufika 1881 jengo lilikuwa limezaa kanisa zima la kando. Chama cha Makaburu wazalendo kiliposhika serikali mwaka 1948 na kuufanya utengano sera ya nchi, haukuwa mgeni kanisani.

Tumezoea kuitaja sala kama dawa ya ubaguzi, tukasahau kwamba ubaguzi huu ulilelewa na watu wa sala. Wazee wa 1857 hawakupungukiwa maombi. Ninachokiona kimepungua ni ombi moja, kwamba ule udhaifu uitwe dhambi. Badala yake ulionewa huruma, na gharama ya huruma hiyo wakabebeshwa wengine.

Basi sala ya namna gani huponya? Mwaka 1985, Waraka wa Kairos, ulioandikwa na wanatheolojia wa Afrika Kusini waliopinga ubaguzi, uliwakemea viongozi wa makanisa waliohubiri maridhiano huku haki ikiwa bado. Mwaka huohuo, tarehe 16 Juni, baadhi ya Wakristo waliitisha maombi ili utawala dhalimu ukome. Kelele zikazuka, na hata ndani ya makanisa wapo waliosema hiyo ni siasa. Ajabu! Kuiombea serikali heri kila Jumapili hakukuwa siasa. Kuomba iondoke ndiko kukawa siasa. Anayeombea amani bila kutaja nani amemkalia nani shingoni ameshachagua upande, hata kama hajui.

Beyers Naudé alilijua hilo mapema. Alikuwa mchungaji wa kikaburu na mwanachama wa Broederbond, chama cha siri cha wakubwa wao. Mwaka 1963 aliiacha mimbari ili aongoze Taasisi ya Kikristo, na baadaye serikali ikampiga marufuku kuanzia 1977 hadi 1984. Ndani ya miaka hiyo akahamia kanisa la weusi. Sidhani kama kuna hoja ya kitheolojia inayoshinda hatua hiyo: mtu kwenda kukaa kwenye benchi alilokuwa akiliombea kwa mbali.

Utawala huo ulipokoma ikaja Tume ya Ukweli na Maridhiano. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliiongoza kwa sala waziwazi, na wapo walionung'unika kwamba hicho ni chombo cha dola. Sheria iliyoiunda, hata hivyo, ilimtaka mwombaji wa msamaha aeleze kweli yote ya tendo lake la kisiasa, haikumdai majuto. Siilaumu, maana dola haina mizani ya kupimia moyo. Lakini muumini hawezi kujificha nyuma ya sheria hiyo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakuambiwa na mtu arudishe alichodhulumu; alisimama mwenyewe akaahidi kukirudisha mara nne. Na cha kurudisha kipo: Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia weusi kama asilimia 7 ya nchi, na mashamba yaliyobaki yalirithiwa na watu ambao wengi wao walibatizwa, wakafundishwa kusali kabla ya chakula, na wanajua vizuri mipaka ya uzio wao inaishia wapi.