Alama Nne za Kujitolea

Nilimpa alama 4 kati ya 20. Kalamu ilikuwa yangu na hakuna aliyenilazimisha.

Mjini kwetu Tanga kuna klabu ya huduma ambayo kila mwaka huwapa tuzo wanafunzi watatu bora wa kidato cha sita. Hupewa cheti, fedha kidogo za kuanzia chuo, na chakula cha jioni hotelini mbele ya wazazi wao. Miaka sita iliyopita nilikuwa mmoja wao. Mwaka huu nilikuwa nyumbani naandika tasnifu yangu ya uzamili, klabu ikaniomba niketi kwenye kamati ya uteuzi. Nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kuongea.

Fomu ina alama 100: 50 za masomo, 20 za uongozi, 20 za kujitolea kwa jamii, 10 za usaili. Kila mjumbe alipewa sehemu yake ya kusahihisha. Kujitolea ilikuwa yangu.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza kitaifa, kwa hoja kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Wanaklabu husema wao hawana tatizo hilo, kwa sababu hawaangalii maksi peke yake; wanaangalia tabia na moyo wa mtu. Mimi naona hapo ndipo penye hatari zaidi. Ukipata 20 kati ya 100 ya kemia, umeambiwa hujui kemia. Ukipata 4 ya kujitolea, umeambiwa nini?

Binti huyo alitoka shule ya kutwa. Mtihani wa utamirifu alikuwa amepata daraja la kwanza. Sehemu ya kujitolea hakuandika kitu, alichora kistari tu. Siku ya usaili alichelewa dakika 20, akaingia anahema.

"Shikamooni. Samahani, baba alikuwa hajageuzwa."

Tukamuuliza maana yake. Baba yake amepooza tangu yeye akiwa kidato cha pili, na mgonjwa wa kitandani asipogeuzwa kila baada ya saa chache hupata vidonda. Mama huondoka alfajiri kwenda mwalo wa Deep Sea kununua samaki, akawakaanga na kuwauza hadi jioni. Kwa hiyo usiku zamu ni ya binti. Aliyaeleza haya kama mtu anayeeleza kwa nini daladala ilichelewa. Nikamuuliza, baada ya masomo huwa anawafanyia nini watu wengine. Alifikiri kweli.

"Hamna, dada. Nakaa tu nyumbani."

Alipotoka nilisema tumhesabie yale ya baba yake. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu kazi ya bandari, alinijibu kwa upole. "Mwanangu, hiyo si kujitolea. Hiyo ni familia. Nani hapa hajauguza mzazi? Tukianza kuipa maksi, mwakani kila fomu itakuja na mgonjwa ndani yake."

Sikuwa na jibu. Nikaandika 4. Hata hizo 4 sijui zilikuwa za nini. Nadhani za huruma.

Mzee hakukosa hoja. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza J. O. Urmson aliandika kuhusu watakatifu na mashujaa, akatoa mfano wa askari anayejirusha juu ya bomu la mkono ili kuwaokoa wenzake. Hakuna ambaye angeweza kumwamuru afanye hivyo, wala kumlaumu asipofanya. Ametenda zaidi ya wajibu. Neno letu kujitolea lina sharti hilo hilo ndani yake: anayejitolea angeweza kubaki amekaa, na asilaumiwe. Aliyelipa deni lake hatumvishi shada.

Lakini Immanuel Kant, mwaka 1785, alishikilia kwamba tendo lina thamani ya kimaadili pale linapotendwa kwa sababu ni wajibu. Na Kiswahili nacho kina la kusema. Klabu hizi huitwa za huduma. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Lions ikafuata huko huko mwaka 1917, na zote zilichukua kutumikia watu kuwa kauli yao. Sisi tunaposema fulani anamhudumia mgonjwa, tunatumia neno hilo hilo. Tulikaa chini ya bango lenye neno huduma tukakubaliana kwamba kumhudumia mgonjwa hakuhesabiki.

Mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita, nilipata 20 zote. Nilikuwa nimepanda mikoko Jumamosi moja na wenzangu wa shule, na picha niliibandika kwenye fomu. Sikurudi kuangalia kama iliota. Jumamosi ile niliweza kwenda kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kugeuzwa. Kwa sehemu kubwa, tunachokipa alama ni nafasi ya kutoka nyumbani.

Tena sasa nadhani hata mzee alikosea aliposema ni familia tu, na mimi nilikosea kunyamaza. Saa tisa usiku binti yule angeweza kulala. Baba asingemshitaki, na mama amechoka, asingejua hadi kidonda kitokee. Wajibu alikuwa nao, lakini kuamka kulimhitaji aamue, kila usiku, na asubuhi aingie darasani.

Aliyeshika nafasi ya tatu alimzidi kwa alama 9. Ni kijana aliyewafundisha hesabu watoto wa darasa la saba kila Jumamosi kwa miaka miwili, bila malipo. Hakumwibia mtu chochote. Mama yake alipiga vigelegele, nami nikapiga makofi kwa moyo wote. Lakini ningempa binti yule 14, angepita yeye, na hivyo ningemwondoa kijana aliyestahili.

Baada ya chakula nilimwomba mwenyekiti kwamba mwakani fomu isiulize "Umejitolea wapi?" iulize "Nani angekwama kama usingekuwepo?" Aliiandika nyuma ya ratiba.

"Nayo watajifunza kuijibu," akasema.

Kweli, watajifunza.

Barua za kuwashukuru wasiochaguliwa niliziandika mimi. Yake niliirudia mara tatu, kisha nikaituma ikiwa sawa na za wenzake. Kila nilichotaka kuongeza kilikuwa namna ya kumwambia kwamba tulimwona. Na kweli tulimwona. Tukampa 4.