Anayerudi Kwao Anadai Nini?



Miongoni mwa barua za ndugu wanaoichunguza dini, imo moja ambayo nimechelewa sana kuijibu. Mwandishi wake alikulia katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, na wazazi wake walitoka Burundi. Anauliza: Uislamu wamwambia nini mtu anayerudi pamoja na ndugu zake katika nchi ya utoto wao, akamkuta mtu mwingine analima shamba la baba yake? Adai, au asamehe? Na akisamehe, je, hajawadhulumu watoto wake?

Nilichelewa kwa kuwa swali hilo lilinigusa mimi mwenyewe, na mgonjwa hafai kuwa hakimu wa maradhi yake. Sasa nitajaribu.

Yafaa kwanza msomaji asiyezijua habari hizi azifahamu. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa katika Burundi, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali ikawapa ardhi katika Ulyankulu, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Wakafyeka mapori, wakalima, wakazaa. Waliovuka wakiwa wamebebwa migongoni walikuwa watu wazima wenye wajukuu pale walipotakiwa, kuanzia mwaka 2007 na 2008, wachague baina ya kurudi na kuwa raia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Wengine wapatao 162,000 wakapewa uraia. Waliorudi walikuta nini? Wengi wao walikuta mashamba yao yana wenyewe, na wengi wa wenyewe hao hawakumfukuza mtu yeyote. Waliwekwa pale na serikali, au walinunua, au walizaliwa pale pale. Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yalikwisha tamka kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake au alipwe fidia. Ikaundwa tume ya ardhi, ambayo mwanzoni ilipenda kuwapatanisha watu wagawane shamba, na baadaye ikaelekea zaidi kumrudishia mkimbizi chote kilichokuwa chake. Kila njia iliacha watu wakilia.

Mimi si mkimbizi, na haifai nijifananishe na waliokimbia mauti. Lakini nilizaliwa Kasansa, katika bonde la Rukwa, chini ya safu ya milima ya Ufipa. Siku hizo ilikuwa Wilaya ya Mpanda katika Mkoa wa Rukwa. Leo imo katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012. Mama yetu alizikwa huko. Mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka minane, baba alituhamishia Tabora, na huko Tabora ndiko Mwenyezi Mungu alikomjalia kuuona ukweli wa Ahmadiyya. Nyumba na shamba alimwachia mdogo wake ayatunze. Baba hakurudi tena mpaka akafa. Sisi watoto wanne tukatawanyika: dada yetu mkubwa Kigoma, kaka Zambia, mdogo wetu wa kike akabaki Tabora, nami nikaenda Ghana, ambako nafundisha katika chuo cha dini.

Mwaka 2022 tulikubaliana turudi sote wanne kwa pamoja. Tulipanda gari Mpanda, tukapita Sitalike na katikati ya mbuga ya Katavi, na njia nzima tukawa tunabishana. Kaka alisema mlango wa nyumba yetu ulitazama milima; dada alisema ulitazama mkwaju. Mdogo wetu, ambaye aliondoka Kasansa akinyonya, hakukumbuka lolote, naye ndiye aliyelia wa kwanza tulipofika.

Nyumba haikuwako. Palikuwa na nyumba nyingine ya matofali ya kuchoma, zizi la ng'ombe, na mzee mmoja Msukuma aliyetoka Maswa mwaka 1993. Shamba alilinunua mwaka uliofuata kutoka kwa baba yetu mdogo, kwa ng'ombe sita, mbele ya mashahidi. Hakuambiwa kamwe kwamba lina mwenyewe aliye hai. Baba mdogo amekwisha kufa, na ng'ombe wale sita hakuna ajuaye walikokwenda.

Sheria ya nchi inalijibu jambo hili upesi. Tangu mwaka 1971 sheria ya ukomo wa madai inampa mtu miaka 12 tu ya kudai ardhi mahakamani. Sisi tulikuwa tumepitisha zaidi ya 25. Lakini muulizaji wangu hakuuliza sheria ya nchi, naye amefanya vema. Sheria huweka ukomo ili kesi zipate mwisho. Haisemi kwamba miaka ikipita, kisichokuwa haki kimekuwa haki.

Basi tumtazame Mtume Mtukufu s.a.w., kwani yeye naye alirudi. Alitoka Makka mwaka 622 akiupenda mji ule kuliko miji yote, na katika Hadithi imepokewa jinsi alivyougeukia na kuusemesha kama mtu anavyomsemesha mpenzi wake. Alirudi mwaka 630, akiwa na jeshi la watu elfu kumi. Usama bin Zaid r.a. alipomwuliza atafikia nyumba gani, akajibu kwa kuuliza kama Akil amewaachia nyumba yoyote. Akil alikuwa mwana wa Abu Talib, binamu yake mwenyewe. Alikuwa amebaki Makka na zile nyumba zikamtoka mkononi. Nilipoisoma Hadithi hiyo zamani nikiwa mwanafunzi, niliipita haraka haraka. Pale Kasansa niliielewa: aliyeiuza nyumba yako aghalabu si adui, ni jamaa. Na yule aliyekuwa na jeshi la watu elfu kumi alipigiwa hema.

Tena upo mfano ulio karibu zaidi na swali letu. Watoto wa Jahsh, ndugu wa kiume na wa kike, walihama Makka pamoja, hata nyumba yao ikabaki milango ikipigwa na upepo. Abu Sufyan akaiuza. Siku Makka ilipofunguliwa, Abu Ahmad bin Jahsh, aliyekuwa kipofu, alimkumbusha Mtume Mtukufu s.a.w. habari ya nyumba ile. Mtume hakumjibu upesi. Masahaba wakamwambia Abu Ahmad kwamba Mtume hapendi wadai tena mali iliyowatoka katika njia ya Mwenyezi Mungu. Naye akanyamaza.

Usiku ule wa kwanza niliyafikiri hayo mpaka alfajiri. Na hapa sina budi kukiri jambo. Mkobani mwangu nilikuwa na karatasi niliyochora msikiti. Kabla hata ya kufika nilikuwa nimekwisha kumwandikia rafiki yangu kwamba kiwanja cha baba kitafaa sana kwa kazi ya dini. Nilitaka nyumba ya mama yangu, msomaji, na nikaivika tamaa hiyo kilemba. Ukiona mtu anataka kitu kwa ajili ya Mungu, na kitu hicho ni kile kile alichokuwa akikitaka toka utotoni, mwombee dua.

Asubuhi niliichana karatasi ile, nikamwendea mzee na kumwambia mbele ya watu wote: Tumesamehe. Nikajiona nimefuata Sunna barabara. Mzee akashukuru. Dada yangu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Wewe umesamehe lako. Langu umelisamehe kwa idhini ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha mirathi kwa miaka mingi. Nimewaeleza wanafunzi jinsi Qurani Tukufu ilivyompa mwanamke fungu lake katika zama ambazo yeye mwenyewe alirithiwa kama mali. Nami katika kiwanja cha baba yangu nililigawa fungu la dada yangu kama kwamba halikuwako, tena nikitumia jina la Mtume. Kaka naye alikuwa akizungumza tangu jana kana kwamba warithi ni wanaume wawili. Yeye alitaka twende barazani. Mimi nilitaka tusamehe. Hakuna kati yetu aliyewauliza wale wawili.

Nikarudi kuutafakari ule ukimya wa Mtume Mtukufu s.a.w. mbele ya Abu Ahmad. Hakumwambia: Sahau. Hakutangaza kwamba nyumba za Wahajiri zimesamehewa. Alichelewa kujibu, na mwenye haki akaiacha haki yake kwa ulimi wake mwenyewe. Nyumba yake yeye Mtume aliiacha mara moja bila kusitasita. Siku hizi naona ukimya ule ulimpa yule kipofu nafasi ya kuchagua, ingawa nakiri wako wataalamu watakaousoma vingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Katumba, nakujibu hivi. Haki ya aliyefukuzwa kwa dhuluma ni haki kweli. Qurani Tukufu yenyewe ilitoa idhini ya kujilinda kwa sababu watu walitolewa majumbani mwao bila haki. Sheikh hawezi kuisamehe kwa niaba yako, wala serikali, wala kaka mkubwa. Na wewe huwezi kuisamehe kwa niaba ya dada zako. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alifundisha katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 1896 kwamba msamaha wa Kiislamu si wa upofu: husamehewa pale msamaha unapoleta matengenezo, si pale unapomnenepesha dhalimu. Basi mtazame aliye mbele yako. Je, ni yule aliyeshika panga mwaka 1972, au ni mtoto aliyezaliwa juu ya ardhi hiyo mwaka 1985? Deni la yule halilipwi na huyu. Tena, kabla yako nani alikuwa hapo? Huku kwetu magharibi serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi miaka ya 1920 kwa sababu ya malale, na Operesheni Vijiji ikawahamisha tena kati ya mwaka 1973 na 1976. Shamba la baba yangu lenyewe lina magofu ya mafiga ambayo si ya ukoo wetu.

Wengine watasema: basi asirudi kabisa. La, hasha. Khalifa wetu wa nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad r.h., alizaliwa Qadian mwaka 1928, akaitoka katika mgawanyiko wa India wa mwaka 1947. Alirudi mwezi wa Desemba 1991, Khalifa wa kwanza kukanyaga pale baada ya miaka 44. Alisali, aliyazuru makaburi, akarejea London kwenye kazi yake. Mtume Mtukufu s.a.w. naye baada ya Makka alirejea Madina, ijapokuwa Wansari walikwisha kuogopa kwamba atabaki kwao.

Yaliyobaki ni machache. Siku ya tatu dada alizungumza na mzee peke yake. Kaburi la mama lilikuwa limezungushiwa miba kwa miaka yote hiyo. Mzee hakupitisha jembe hapo wala hakuacha ng'ombe wapite, ingawa hakumjua maiti ni nani. Dada aliomba hatua kumi kila upande wa kaburi, na njia ya kulifikia. Mzee akakubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, vijana wakapanga mawe. Ndipo dada akasema fungu lake lililobaki amelisamehe, na mdogo wetu akasema vivyo hivyo.

Kaka hakusema kitu. Chai aliyoandaliwa hakuinywa, akatutangulia garini. Sikumlaumu, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Ramadhani iliyopita alinipigia simu toka Zambia, tukazungumza habari za watoto na bei ya mahindi. Kisha, alipokuwa karibu kukata, akauliza kama nimesikia mvua ilikuwaje Kasansa mwaka huu, na kama yule mzee alipata kuvuna.