Mgeni Anayejifanya Mwenyeji: Takrima na Kura katika Milima ya Upare

Katika maadili ya uchaguzi nchini Tanzania lipo swali ambalo mahakama ililijibu kwa ufupi lakini dini na falsafa bado hazijamaliza kulijadili: je, kitu anachokitoa mgombea kwa mpiga kura wakati wa kampeni chaweza kuwa zawadi, au ni rushwa hata kabla nia ya mtoaji haijachunguzwa? Makala haya yanaliangalia swali hilo kutokea Same na milima ya Upare, ambako Waadventista waliofungua kituo chao cha kwanza nchini huko Giti mwaka 1903, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu huishi ubavu kwa ubavu, na ambako mgombea anayepanda kutoka tambarare kavu ya Makanya hadi Chome au Mamba hupokewa na watu wenye desturi yao thabiti kuhusu nani humpa nani chakula.

Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuingiza katika kifungu cha 98 masharti yaliyosema kwamba jambo lililotendwa kwa nia njema, likiwa ni ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa rushwa. Ukarimu huo ndio uliokuja kuitwa takrima, yaani pilau, soda, kanga, nauli na vitu vya namna hiyo ambavyo mgombea huwapa watu anaowaomba kura. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na asasi mbili za wanasheria, LEAT na NOLA, vilifungua shauri katika Mahakama Kuu, nayo Aprili 2006 ikaamua kwamba masharti hayo yalikwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu yalimbagua mgombea maskini na kumpendelea tajiri. Hoja hiyo ina nguvu kisheria, lakini inaacha pengo, kwani kama wagombea wote wangekuwa na uwezo sawa na kila mmoja akachinja ng'ombe wake, mantiki ya usawa peke yake isingekuwa na la kuwakataza. Ubaya wa takrima, ikiwa upo, sharti uonekane hata pale ambapo matajiri wawili wanashindana kwa mifuko iliyo sawa.

Mahali pa kuutafuta ni katika neno la sheria lenyewe, lile dai kwamba takrima ni ukarimu wa jadi. Miongoni mwa Wapare, au Vaasu kama wanavyojiita wenyewe, ukarimu una mwelekeo: mwenyeji humpa mgeni. Anayefika nyumbani kwa mtu huwekewa makande, au dengelua, pombe ya miwa, ikiwa dini yake haimkatazi, na hatazamiwi kulipa siku hiyo wala kesho yake. Mwanaanthropolojia wa Ufaransa, Marcel Mauss, alionyesha katika insha yake ya mwaka 1925 kwamba hakuna zawadi isiyodai marejesho, na wapo wanaoitumia hoja hiyo kuitetea takrima, wakisema kwamba kila ukarimu ni deni na kwa hiyo deni la kura si jambo geni. Wanachokisahau ni kwamba deni la ukarimu halina tarehe wala kipimo. Aliyelishwa leo anaweza kumlisha mwenyeji wake baada ya miaka kumi, au kumlisha mjukuu wa mwenyeji huyo. Deni la takrima lina tarehe iliyotangazwa na Tume ya uchaguzi, na kipimo chake ni alama moja ya vema kwenye karatasi. Zaidi ya hayo, mgombea ni mgeni kijijini. Anapogawa chakula katika uwanja wa watu wengine huwa amekalia kiti cha mwenyeji bila kuwa mwenyeji, na hapo kinachoitwa jadi huwa ni jadi iliyogeuzwa miguu juu.

Upare umekwisha kuiona hila ya namna hii. Katika miaka ya 1940 utawala wa Waingereza ulianzisha kodi iliyokadiriwa kwa kipato cha kila mtu na kuipa jina la mbiru, ambalo zamani lilikuwa la ushuru uliopelekwa kwa watawala wa jadi, na hivyo jambo jipya likavishwa vazi la kale ili lipokelewe bila ubishi. Ubishi ulikuja hata hivyo, kama angetarajia mtu yeyote anayeujua ule mzaha wa nchi nzima kuhusu Wapare na kupenda kwao kesi. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakigoma kulipa. Wanawake wa Usangi nao wakaandamana wao wenyewe, na mwishowe kodi hiyo ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, aliuandikia mgogoro huo kitabu kilichotoka mwaka 1971. Waliogoma hawakuhitaji mwanafalsafa wa kuwaambia kwamba jina la jadi haliifanyi kodi kuwa ya jadi, na hukumu hiyohiyo yafaa kutolewa juu ya takrima.

Ushahidi mwingine umetolewa na watoaji wenyewe. Baada ya kura za maoni za mwaka 2020, ambazo ni uchaguzi wa ndani ambamo wajumbe wa chama hupendekeza jina la mgombea, ulienea nchini msemo kwamba wajumbe si watu, ukiwa ni kilio cha walioangushwa na watu waliokwisha kula vyao. Msemo huo ulichekesha, lakini kwa mchunguzi wa maadili ni ungamo kamili. Aliyetoa zawadi hana cha kulalamikia mpokeaji asipomrudishia. Anayelalamika kwamba amedhulumiwa anakiri kwamba alinunua na bidhaa haikufika. Kama kulikuwa na nia njema iliyotajwa na sheria ile ya mwaka 2000, kilio hicho kimeikana.

Mafundisho ya dini yanalifikia jambo hili kwa njia mbili. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyerudi Madina akitenga mali ya umma na zawadi alizodai kuwa amepewa yeye binafsi, naye Mtume Muhammad akauliza kama zawadi hizo zingemfikia angebaki nyumbani kwa wazazi wake. Kipimo hicho kilimhusu mpokeaji, lakini kinaweza kugeuzwa kimwelekee mtoaji: je, mgombea huyu angeleta kanga hizi Gonja kama asingegombea? Njia ya pili ni fundisho la Yesu katika Injili ya Mathayo kwamba sadaka itolewe kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Zawadi ya kampeni haiwezi kutimiza sharti hilo kamwe, kwa kuwa ikitolewa kwa siri inakosa kazi. Hapa ndipo bati na saruji za mgombea kwa ajili ya kanisa au msikiti zinapokuwa na utata kuliko soda, kwani mpokeaji wake ni nyumba ya ibada, na jina la mtoaji hutajwa mbele ya waumini, Sabato, Jumapili au Ijumaa, na mtu ambaye neno lake wamezoea kulitii.

Yawezekana kupinga kwamba, kwa hoja hizi, hata ahadi ya barabara ni takrima, kwa kuwa nayo hutolewa ili kupata kura. Pingamizi hili ni zito katika wilaya ambayo kwa miaka mingi kampeni zake zimezungumzia barabara ya kutoka Same kupitia Kisiwani hadi Mkomazi, na mradi wa maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kungojewa muda mrefu. Tofauti iliyopo ni kwamba bomba la maji halimwulizi mtu alimpigia nani. Linamhudumia mpinzani sawa na mfuasi, na gharama yake hutoka katika kodi zao wote. Kwa maana hiyo ahadi ya mradi iko karibu na msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo Wapare wamechimba mifereji na kujenga shule, kuliko ilivyo karibu na sahani ya pilau. Lakini mgombea akisema kwamba kijiji kitakachomnyima kura kisahau maji, amekwisha kuirudisha huduma ya umma kuwa takrima, tena mbaya zaidi, kwa sababu anagawa kisichokuwa chake.

Linabaki suala la mpokeaji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humwona mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji wote wawili, na kitabu cha Kutoka kinaonya kwamba rushwa huwapofusha hata wenye kuona. Hata hivyo, hatia hizo mbili hazilingani uzito. Mkulima wa tangawizi aliyepokea kanga na kisha akapiga kura kwa dhamiri yake hajavunja ahadi yoyote yenye thamani, kwa sababu ahadi ya kuuza kura haimfungi mtu, kama vile kiapo cha kutenda dhambi kisivyomfunga mwenye kuapa, ambaye katika Uislamu hutakiwa kukivunja na kutoa kafara. Kosa lake ni kushiriki katika soko alilolikuta limekwisha kufunguliwa. Mchungaji, padri au imamu anayelisoma soko hilo kuwa dhambi ya bibi mwenye kanga, huku bahasha ya mgombea ikiwa imepokewa mbele ya waumini wake, ameanzia upande usiostahili, na inampasa airudishe bahasha hiyo kabla ya kuhubiri.