Hekima ya Mtu Aliyekiri Ujinga Wake

Wazee husema: Kuuliza si ujinga. Hata hivyo wengi hunyamaza, wakiogopa kuchekwa. Habari za Sokrates zawafaa watu hao.

Sokrates alikuwa mtu wa Athene, mji wa Wagiriki, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na mama yake mkunga. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mafundisho yake yajulikana hasa kwa maandiko ya Plato, mwanafunzi wake.

Siku moja rafiki yake Chaerephon alikwenda Delfi, mahali pa uaguzi, akauliza: Je, yuko mtu ampitaye Sokrates kwa hekima? Akajibiwa: Hakuna. Sokrates alistaajabu, maana alijiona hana hekima. Akaanza kulichungua neno hilo. Akawaendea wakubwa wa mji, akaona kwamba wanadhani wanajua, kumbe hawajui. Akawaendea watunga mashairi. Walisema maneno mazuri, lakini hawakuweza kuyaeleza. Mwisho akawaendea mafundi. Hao walijua kazi yao kweli. Lakini kwa kuwa waliijua kazi moja, walidhani wanajua na mambo mengine yaliyo makubwa. Ndipo Sokrates alipofahamu: aliwapita kwa neno moja tu, yaani hakudhani kwamba anajua asichokijua.

Je, maana yake mtu akae tu, akisema: Sijui, basi? Sivyo. Msafiri asiyeijua njia, akiuliza, hufika kwao. Akijifanya anaijua, hulala porini. Na akiketi njiani, hafiki kamwe.

Tena, asiyejua yote hakosi kujua lililo haki. Mwaka 404 kabla ya Kristo watu 30 walishika utawala wa Athene, wakatawala kwa ukali. Wakamwamuru Sokrates na wengine wanne waende Salamis kumleta mtu mmoja, Leon, apate kuuawa. Wale wanne wakaenda. Sokrates akarudi nyumbani kwake, ingawa aliweza kuuawa kwa sababu hiyo. Kwa nini? Watu huogopa kifo kana kwamba wanajua hakika kuwa ni ubaya mkuu kuliko wote. Sokrates alikiri kwamba hajui. Lakini alijua kwamba udhalimu ni mbaya. Basi hakukubali kutenda ubaya alioujua, apate kuepuka jambo asilolijua.

Mwaka 399 kabla ya Kristo, mwenye umri wa miaka 70 hivi, alihukumiwa na watu wa mji wake, akanywa sumu, akafa. Hakuacha kuuliza ili wamsamehe.

Mwanafunzi aitikiaye: Nimefahamu, naye hajafahamu, humdanganya mwalimu kwa saa moja, lakini hujinyima mwenyewe kwa siku nyingi. Kesho atafundisha wadogo zake, naye atawapa nini? Asemaye: Sijafahamu, nieleze tena, amekwisha kuanza kujifunza.