Aksa Hakuomba Kuhamishwa

Andiko: Yoshua 15:16-19, Kumbukumbu la Torati 11:10-15

Kwa wale ambao hamkufika Jumapili kwa sababu ya ugonjwa ama safari, huu ndio ujumbe tulioshiriki. Nimeuandika karibu kama nilivyousema.

Kuna ombi moja nimelisikia katika kanisa hili tangu nilipoletwa Kibwezi mwaka wa 2009. Mtu anasimama wakati wa ushuhuda, anasema, "Naomba Mungu anitoe huku kwa jua." Na sisi sote tunaitika amina, tena kwa nguvu. Ukimwuliza kwao ni wapi, anakuambia Kilungu, ama Mbooni, ama Kangundo. Babu yake ndiye aliyeteremka kutoka vilimani kutafuta shamba. Baba yake amezaliwa hapa, yeye mwenyewe amezaliwa hapa, watoto wake wanasoma hapa, lakini bado anasema "huku" kama mtu aliyekaa stendi akingoja basi.

Majuzi mhubiri mgeni alitualika kwenye mkesha, akasema ardhi hii imelaaniwa na ndiyo maana haizai. Tuliomba mpaka alfajiri. Sasa, mimi ni Mpentekoste, msinielewe vibaya. Naamini laana zipo na naamini zinavunjwa kwa jina la Yesu. Lakini si kila mahali penye jua kali pamelaaniwa. Fungua Biblia yako uone.

Kalebu alikuwa mzee wa miaka 85 alipoomba nchi ya vilima, ile yenye majitu. Binti yake Aksa akaolewa na Othnieli, aliyeuteka mji wa Kiriath-seferi. Na shamba alilopewa binti huyu lilikuwa Negebu. Ndugu yangu, Negebu si Limuru. Ni nchi kavu, ya mawe na upepo, mvua kidogo. Aksa akapanda punda, akaenda kwa baba yake, akashuka. Baba akamwuliza anataka nini. Tazama vizuri alichoomba. Hakusema, baba, nirudishe nyumbani. Hakusema, nipe shamba la ndugu yangu lililo karibu na mto. Alikubali kwamba amewekwa Negebu, halafu akaomba chemchemi. Kalebu akampa za juu na za chini, zote mbili!

Kuna maombi ya kuhamishwa, na kuna maombi ya chemchemi. Sisi tumeomba sana lile la kwanza.

Twende Kumbukumbu 11. Musa anawaambia Waisraeli kwamba nchi wanayoiendea si kama Misri. Kule Misri walikuwa na mto, wakinyweshea shamba kwa mguu kama bustani ya sukuma wiki. Kanaani haina mto wa namna hiyo. Inakunywa mvua ya mbinguni, mvua ya mwanzo na mvua ya mwisho. Mkulima yeyote angesema, basi afadhali Misri! Lakini Musa anaisifu Kanaani kwa sababu hiyo hiyo: ni nchi ambayo Bwana mwenyewe anaitunza, macho yake yako juu yake tangu mwaka unapoanza hadi unapokwisha. Nchi inayotegemea mvua ndiyo iliyosifiwa. Si sisi hao? Hata mvua zetu ni mbili.

Mimi nimetoka Kakamega, ambako mvua ya mwaka ni karibu milimita 2,000. Hapa tunapata kama 600. Kule kwetu mvua inapiga karibu kila alasiri na sikumbuki mtu akisimama kanisani kuishukuru. Hapa tone la kwanza likigonga mabati mwezi wa Novemba, hata mimi mhubiri nanyamaza. Mnakumbuka mwaka ule tulitoka wote nje katikati ya ibada, mama wa kwaya na robu zao, tukasimama tu tunyeshewe? Harufu ile ya udongo mwekundu ukilowa, Kakamega sikuwahi kuisikia hivyo, kwa sababu kule udongo haukauki ukapata nafasi ya kunukia.

Na kuna mengine ambayo mtu anayengoja basi hawezi kuyaona. Mbuyu uliosimama mtupu miezi mingi, halafu unavaa majani kama umeitwa. Asubuhi za Julai, mawingu yamelala juu ya Chyulu na unatafuta sweta katika nchi ambayo watu wa Nairobi wanafikiri ni jiko.

Chyulu zenyewe ni mahubiri. Ni vilima vya volkeno, na miamba yake bado michanga. Upande wa Tsavo kuna uwanda wa mawe meusi yaliyotiririka yakiwa moto kati ya miaka ya 1800. Wazee walipoona ile kazi ya moto wakaipa jina: Shetani. Mpaka leo inaitwa hivyo. Lakini mvua ikinyesha juu ya vilima hivyo haiunde mito. Mawe yale yana matundu, yanaimeza yote. Inapita chini kwa chini, polepole, na kutokea Mzima, maji safi unayoweza kuona samaki na viboko ndani yake. Kutoka Mzima maji yanapelekwa kwa bomba mpaka Mombasa. Hata chemchemi zetu za Umani hapa Kibwezi zinapata maji kutoka vilima hivyo hivyo. Kwa hiyo ule upande watu waliouita wa Shetani, Mungu amekuwa akiupitishia maji ya kunywesha jiji. Huyo mhubiri mgeni angepita hapo angekemea.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, maana najua nikiishia kwenye mawingu na mibuyu mtanipigia makofi na kurudi nyumbani na njaa.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilitushinda. Kuna mama katika kanisa hili alipanda yote mitano. Mara ya nne alinunua mbegu kwa kuuza mbuzi, mara ya tano alikopa kwenye chama. Siku moja nilikuwa nikimwambia haya haya kuhusu kuipenda nchi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pasta, mimi nimeipenda hii shamba. Ni yenyewe haijanipenda."

Sikumfungulia andiko. Nilikunywa chai yake nikanyamaza, na mpaka leo naona hilo ndilo lililofaa. Kwa hiyo sitawahubiria kwamba Isaka alipanda Gerari wakati wa njaa akavuna mara mia, basi na wewe kaa hapa utavuna mara mia. Isaka alivuna, ndiyo, na Mungu alimwambia akae. Lakini Naomi na mumewe walitoka Bethlehemu wakati wa njaa, na sioni mahali kitabu cha Ruthu kinawagombeza kwa kutoka. Mtu akienda Mombasa kutafuta kazi watoto wale, asiambiwe amekosa imani. Kwenda si dhambi.

Kinachonisumbua ni kuidharau nchi ukiwa bado unakula kwake. Ukiamini ardhi imelaaniwa, hutaichimbia mtaro. Utakata mgunga wa mwisho uchome makaa, kwani kuna hasara gani? Utauza ekari tatu za kando ya barabara ununue pikipiki. Utamwachia mwenye lori achote mchanga wa mto usiku, ingawa kaunti yetu ya Makueni ina sheria ya kulinda mchanga tangu 2015. Kisha maji yakikosekana, tunaita mkesha.

Wenye umri wangu mmesikia habari za Machakos ya zamani. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi ya Wakamba inageuka jangwa la mawe na mchanga. Wakaiandikia kama wanamwandikia marehemu. Lakini watu, na hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, wakachimba matuta. Ile tunayoita fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, maji yanasimama badala ya kukimbia na shamba lako. Leo hivyo vilima mnavyovililia, vya Kilungu na Mbooni, vimependeza kwa jasho hilo. Havikuwa Edeni. Vilichimbwa.

Na mvua kubwa ya mwisho wa 2023, nani hakuona? Shamba lenye mitaro lilikunywa. Shamba lisilo na mtaro liliteremka mtoni, mto ukaingia Athi, Athi ikawa Sabaki, na bahari ya Malindi ikawa rangi ya kahawia. Huo ni udongo wa huku bara, wapendwa. Watalii wanaukanyaga ufuoni.

Ndiyo maana wazee wa kanisa wameamua tuombe kama Aksa, na mkono ukiwa kwenye mawe. Mto wetu hapo chini ya shule una mwamba mahali ambapo kingo zimekaribiana. Tutajenga ukuta juu ya mwamba huo. Maji ya mvua yataleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji yatabaki ndani ya mchanga, jua lisiyafikie wala mbu asizae humo. Kiangazi kikija unachimba kidogo tu, unateka. Chifu ana habari, fundi amepima, na kibali cha kaunti tunacho.

Yule mama wa misimu mitano ndiye mweka hazina wa kazi hii. Alijitolea mwenyewe, sikumwomba. Nilipomwuliza kama sasa shamba limempenda, alicheka akasema bado, lakini ndengu za msimu uliopita zilijaza magunia mawili.

Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Kila nyumba ilete mtu mmoja, sururu ama toroli. Vijana watabeba mawe, na tafadhali vijana, simu ziachwe nyumbani. Idara ya akina mama italeta muthokoi saa sita. Mchanga wa kujengea tutachota chini ya ukuta, si juu yake, fundi amesema hilo mara tatu nami nimeahidi kuliandika. Tutaomba tukiwa tumesimama mtoni, kisha tuanze.