Nusu Saa Kabla Githeri Haijaiva

Wajukuu wangu, nimewasikia mkisema Jumamosi ndiyo siku ya kupanga nyumba. Ninyi mnaokodi chumba kimoja Makutano, na ninyi mliobaki Nkubu na Runyenjes kwenye maboma ya wazazi, wote mnaimba wimbo mmoja: ngoja nipate siku nzima. Siku hiyo haiji. Jumamosi ina mazishi, ina harusi, ina mkutano wa chama. Na kahawa ikianza kuiva, kuanzia Oktoba hadi kuelekea Krismasi, Jumamosi ni ya kuchuma na kubeba kwenda kiwandani.

Nawaomba nusu saa tu kwa siku. Githeri ya mahindi makavu hukaa motoni saa mbili na zaidi, na ndani ya muda huo ipo nusu saa isiyodaiwa na mtu. Chagua droo moja, au rafu moja, au chini ya kitanda. Imalize, kisha uketi. Bandu bandu huisha gogo. Anayemwaga kabati zima kitandani saa tatu usiku hulala juu ya nguo, na kesho yake huzirudisha zilivyokuwa kwa hasira.

Ila msianze popote mnapopaona pabaya machoni. Mgeni ataona sebule, na sebule haijawahi kumdhuru mtu. Anzeni penye hatari.

Jioni ya kwanza, tafuteni dawa ya kunyunyizia kahawa na nyanya. Najua maboma mengi ambamo iliyobaki hutiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa jikoni, karibu na mafuta ya kupikia. Mtoto hasomi harufu. Irudi kwenye chupa yake yenye maandishi, ifungiwe nje ya nyumba, juu, kwa kufuli. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na msiiahirishe hata kwa mvua.

Kisha stoo ya mahindi. Mwaka wa 2004, upande huu wetu wa mashariki, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yalishika sumukuvu. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wengi walikula mahindi ya stoo zao wenyewe. Sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Na sisi wa huku juu karibu na mlima tunajua baridi ya Julai, ukungu wa asubuhi na jua la kuombwa, wakati mahindi ya mvua ya Machi yanasubiri kukauka. Kwa hiyo stoo iandaliwe mapema, kidogo kidogo: leo fagia punje za mwaka jana zenye fukusi, kesho ziba mashimo ya panya, kesho kutwa panga mbao ili gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yaingie unyevu ukiwa asilimia 13.5 au chini. Ukitikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo na chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni karatasi. Hatimiliki iko chini ya godoro, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimo ndani ya Biblia, risiti za kahawa zimefungia sukari. Halafu baba anafariki. Mirathi inataka cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, na habari za shamba; ndugu wanaanza kupekua nyumba wakiwa na majonzi, na kila mmoja anamshuku mwenzake kwamba ameficha. Hatimiliki ikipotea kabisa, utaenda polisi kuchukua abstrakti, utaapa, na msajili wa ardhi atatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungoja siku 60 za pingamizi kabla ya kutoa nyingine. Hapa Meru wazee wa baraza la Njuri Ncheke bado husikiliza migogoro ya ardhi, nao hutegemea sana kumbukumbu ya waliokuwepo mipaka ilipopimwa. Hao walioshuhudia wanakwisha. Karatasi inabidi ishike zamu yao.

Karatasi hazitamalizwa kwa jioni moja, na hilo lisiwakatishe tamaa. Jioni ya kwanza ya karatasi kusanyeni tu, mtie zote ndani ya sanduku la bati lile la shule. Msisome! Barua ya zamani ya shangazi itakula nusu saa yote. Siku zinazofuata gaweni kwa bahasha: moja kwa kila mtu wa nyumba, moja ya shamba, moja ya chama cha ushirika. Andikeni jina juu kwa kalamu nzito. Baadaye pigeni kopi za zile kubwa, mziweke kwa nyumba nyingine, maana moto haubishi hodi.

Na wewe kijana uliyeoa, usilifanye sanduku hilo kuwa siri ya wanaume. Nimeona wajane wakizungushwa kwa sababu hawakujua hata nambari ya shamba wanalolima. Mwite mkeo, mfungue bahasha ya shamba pamoja, asome nambari hiyo kwa sauti na aiandike kwenye daftari lake. Ufunguo wa pili mpe yeye.